Vidole Vinne vya Kitambaa cha Kijani

Jumamosi asubuhi. Baridi, na upepo wa vumbi tangu alfajiri.

Sasa hivi mwanangu Rehema ametambaa chini ya kitanda, akatoka na utepe wa kitambaa cha kijani, akajifunga nao mgongoni gunzi lake la mahindi. Anazunguka nalo chumbani akilipigapiga taratibu, eti mtoto analala. Ana miaka miwili tu. Amenitazama akasubiri nimsifu.

Sikumsifu. Nimemnyang'anya ule utepe, akalia, na mimi nikakaa chini karibu nilie naye.

Wanaonisoma hapa wanajua ugonjwa wangu. Nashona shuka za viraka, na kabla ya kushona nakusanya. Nilianza na gauni la mama lililochanika, nikalitoa kule Iyula nilipokuja kuolewa Tunduma. Baadaye nikawa naomba mabaki kwa mafundi cherehani. Ikafuata pazia la jirani aliyehama. Leo nina masanduku mawili na gunia, na bado nikiona kitenge kizuri mgongoni mwa mtu namfuata kwa macho mpaka anapinda kona. Baba Rehema huwaambia rafiki zake, "Wenzangu wake zao wanafuga kuku, wangu anafuga vitambaa." Wanacheka, nami nacheka.

Shuka ninayoshona sasa ni ya Rehema. Ilikosa kijani. Nilikitafuta karibu mwaka mzima, kijani kama majani ya kahawa mvua ikitoka kunyesha.

Kikaja chenyewe, mezani kwangu.

Kwaya yetu ya akina mama ilinunua jora zima kwa ajili ya sare, ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia, kwa Bana Mwila, ndivyo Wabemba wanavyosema Mama Mwila. Mimi nikapewa kazi ya kupima na kukata, kila mama yadi nne, kwa sababu nina mkasi mkali na mkono uliotulia. Hivyo ndivyo walivyosema, mkono uliotulia.

Mshona viraka hakati ovyo. Navuta uzi mmoja kutoka kwenye kitambaa, unaacha njia nyembamba, nakata juu ya ile njia, ukingo unanyooka. Kipande cha kwanza kilikuwa kimepinda kweli, nikakinyoosha, ukabaki utepe mwembamba. Nikauweka pembeni. Cha pili hakikupinda sana, lakini nacho nikakinyoosha. Kufika cha tano sikuwa nanyoosha kitu tena. Nilikuwa najimegea. Upana wa vidole vinne kwa kila mama, akina mama kumi na wawili.

Nilijiambia nani atajua, vidole vinne.

Mama Eliza amejua. Yeye ndiye mwalimu wetu wa sauti, mrefu, mwenye mwili wake, na gauni lake kwa fundi limegoma. Ya wenzake wafupi yametosha. Alhamisi alikuja mazoezini na kitambaa mkononi, akakitandaza kwenye benchi.

"Bana Mwila katupunja. Yadi za kule zina miguu mifupi."

"Nilimwona mimi anavyokivuta wakati wa kupima," akadakia mwingine. "Utafikiri kamba ya ng'ombe."

"Au ni wewe umenenepa, Mama Eliza."

"Nimenenepa tangu wiki iliyopita? Muulizeni Mama Rehema, ndiye aliyekata. Eti mama, lilikuwa kamili lile jora?"

Wote wakanigeukia.

Nikasema, "Labda lilikuwa pungufu."

Maneno matatu tu. Mdomo uliyatoa kabla sijaukamata. Papo hapo wakapanga kwamba leo tuvuke wote tukamwambie pale pale dukani, wateja wake wasikie. Na mimi niende mbele, maana mimi ndiye niliyepima. Niwe shahidi.

Huyo Bana Mwila ndiye anayeniwekea mabaki ya majora kwenye mfuko chini ya meza yake, hanidai chochote. Nikifika ananikaribisha kwa Kibemba, "mwaiseni, mama", hata kama ana wateja kumi, anamchukua Rehema anampakata, mimi nachambua vitambaa. Robo ya masanduku yangu imetoka mikononi mwake. Leo nikasimame mbele ya watu nimwite mwizi?

Asubuhi nikimmiminia Baba Rehema chai nilimweleza yote. Aliweka kikombe, akafikiri.

"Nyamaza, mke wangu. Yule ana duka zima. Watagombana, watachoka, watarudi nyumbani."

Najua anataka kunificha, ananipenda. Lakini yeye hajawahi kukaa kwenye kigoda cha Bana Mwila pale dukani. Mwanamke akisemwa kwamba anapunja, kwenye soko kama lile, maneno hayarudi nyumbani jioni. Yanabaki pale anapouzia.

Nami nikiungama, sijui nitasimama wapi kwenye kwaya. Mkasi hawatanipa tena, hilo nalijua. Pengine hata salamu zitapungua. Nimeishia darasa la saba, sina cheo popote mjini hapa. Nilichokuwa nacho ni kuaminiwa kwenye vitu vidogo kama hivi.

Nimefumua. Shuka ya Rehema ilishapata safu mbili za kijani, nimezifumua uzi kwa uzi, nikapiga pasi ya mkaa tepe zote kumi na mbili, huu wa gunzi la Rehema ukiwa wa mwisho, nikazikunja kwenye mfuko. Zikiunganishwa zitatosha kurefusha pindo la gauni la Mama Eliza, na nitalishona mwenyewe akiniruhusu. Kwanza nilifikiri nimshonee kimya kimya, niseme nimepata kipande mahali. Nikaona huo ungekuwa uongo mwingine wenye mshono mzuri.

Nina hofu. Lakini tangu nizikunje zile tepe, naona napumua vizuri kidogo. Labda Mungu husaidia hivyo, kidogo kidogo.

Wameshafika, nasikia kandambili zao uani. Mama Eliza ananiita, "Mama Rehema, toka bwana, tutakuta foleni mpakani." Natoka na mfuko mkononi, na hapa hapa mlangoni, kabla ya mtu kupiga hatua, nitawaambia kwamba kitambaa cha Bana Mwila kilikuwa kamili, na aliyekipunguza ni mimi.