Gari la Baba na Kiti cha Kushoto

Kitamaki, Shibukawa,
Gunma.

10 Desemba 2023

Mpendwa Dada Sawako,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Curitiba, wewe na shemeji Rubens, na binti yenu Aline ambaye picha yake ya mwisho ilinifanya nijione mzee. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi sijambo, ila vidole viwili vimechubuka na ukucha mmoja umekuwa mweusi, na sababu yake utaisoma hapa chini. Mama naye hajambo. Anakula, anagombeza watu, na anajua leo ni siku gani.

Huku upepo wa mlima Akagi umeshaanza. Nguo nilizoanika asubuhi zilikauka kabla sijamaliza chai.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila tulipoongea kwenye simu Mama alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu, na mambo mengine hayasemeki mwenyewe akisikia.

Unakumbuka tulikubaliana kwamba kitanda kikipatikana kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee, Mama ataingia. Kikapatikana, cha tarehe mosi Desemba. Nilipomwambia hakulia wala hakugomba. Alisema anataka kitu kimoja tu: apandishwe Akagi kwa gari la Baba hadi ziwani, kama walivyokuwa wakienda wawili kila vuli. Baada ya hapo nimpeleke nitakako.

Gari lenyewe ni lile jekundu la viti viwili, ambalo Baba alilinunua mwaka ule ulipoolewa wewe, na Mama akamnunia mwezi mzima. Shokapu zake zilikuwa zimevuja mafuta yote. Kwenye kila kona lilikuwa likiyumba na kunesanesa, na Mama hakuweza kukaa ndani dakika kumi bila kutapika. Kwa hiyo nilinunua shokapu mpya pamoja na springi zake, zile ambazo unazungusha kupandisha gari au kulishusha. Sitakuficha, Dada, sikuzinunua kwa ajili ya Mama peke yake. Nimezitamani tangu nina miaka ishirini, na Baba alikuwa akisema gari lake si la wahuni.

Niliifanya kazi mwenyewe uani, wikiendi ya kwanza ya Novemba. Kabla ya kuanza nilipita kwa majirani na maboksi ya biskuti kuomba radhi kwa kelele. Bwana Nagumo alipokea la kwake kwa mikono miwili, akainama, nami nikainama, tukaachana. Unamkumbuka, yule wa ukuta wa mashariki? Alikuwa fundi wa magari miaka arobaini kabla ya kustaafu. Naomba ulishike hilo.

Nililiinua gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi nne, magurudumu yakining'inia. Boliti za zamani zilikuwa zimeshikana kwa kutu, na hapo ndipo ukucha ulipokwenda. Nikatoa za zamani, nikafunga mpya, nikakaza kila nati kwa nguvu zangu zote. Alasiri hiyo hiyo nikazipeleka shokapu za zamani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilijiona fundi mkubwa.

Kosa la kwanza lilikuwa la tamaa: nililishusha mno. Nilipolitoa, tumbo lilikwama juu ya mfuniko wa mtaro pale langoni, nusu ndani, nusu nje, halisogei mbele wala nyuma. Kesho yake mama mmoja mhudumu wa nyumba ya wazee alikuja kumwona Mama, akalazimika kujipenyeza ubavu ubavu kati ya nguzo na kioo cha gari, faili lake akilishikilia juu ya kichwa. Nilimwomba radhi mara ishirini. Lakini kwa dakika moja nilifurahi, Dada. Nilijiambia kwamba lango limezibika na hakuna atakayeweza kumtoa Mama humu. Halafu nikaona aibu, maana miaka sita mizima ya kumtunza nimekuwa nikiomba siku hiyo ifike.

Nikalinasua, nikalipandisha hadi kimo kinachokubalika. Ndipo likaja balaa lenyewe. Gari lilikuwa likilia kama bawaba za ghala la babu, na gumu ajabu. Nilimzungusha Mama mtaani mara moja. Kila tulipopita juu ya mfuniko wa chuma alitoa kisauti kidogo, akidhani sisikii. Alishuka akashika kiuno na kusema gari ni zuri. Nilijua kwamba kwa hali ile hafiki hata mguuni mwa mlima.

Nilijaribu yote. Nililegeza shokapu hadi mwisho wa kitufe chake, nikapunguza upepo wa matairi, nikabadilisha raba za juu, nikapaka grisi kila palipolia. Wapi! Shokapu za zamani zilikuwa zimeshayeyushwa. Gereji ya mjini iliniambia nije Januari. Asubuhi nampikia Mama uji, nampeleka chooni, namvalisha, anayemchukua kwa mazoezi ya viungo akiondoka naye, naingia chini ya gari, akimrudisha saa kumi natoka. Miaka sita sijalala nje ya nyumba hii, na sasa siku chache zilizobaki nilikuwa nazilalia chali juu ya saruji, nikitazama vyuma nisivyovielewa. Nilikuwa nimebanwa kila upande, na mbano wote niliufunga kwa mikono yangu.

Jumapili ya tarehe ishirini na sita nilikuwa huko chini, miguu tu ndiyo inaonekana, nikasikia fimbo ya Mama ikigonga ukuta wa jirani.

"We Nagumo! Toka humo, najua unachungulia."

"Sichungulii, Mama Kogure. Namwagilia maua."

"Maua gani mwezi huu? Wiki tatu unamtazama mwanangu anavyohangaika. Unajua kosa lake au hujui?"

"Najua," akasema. "Tangu ile Jumapili ya kwanza."

Nilijiburuta nje na spana mkononi. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nitaingiaje uani kwa mtu nimwambie kakosea, tena kwenye gari la marehemu baba yake? Ningekuaibisha bwana."

Mama akanigeukia. "Na wewe? Fundi anaishi hapo, unasikia hata anavyokohoa. Ulishindwa nini kumuuliza?"

"Nilihofia kumsumbua, Mama. Amestaafu."

"Amestaafu, anamwagilia majani makavu! Watu wazima na ndevu zenu. Mnaonana aibu hapa, mimi wiki tatu zangu zimekwenda. Mnadhani ninazo nyingi?"

Bwana Nagumo alizunguka akaingia na ndala zake, akapiga magoti, akatoa mfukoni boksi tupu la sigara. Aliacha kuvuta siku nyingi, ila boksi analo, maana ndilo kipimo chake: likipita wima chini ya tumbo, gari halitakataliwa kwenye ukaguzi. Likapita.

"Kimo kiko sawa, hapo umepona," akasema. "Sasa hizi boliti za mikono inayoshika magurudumu, ulizikaza gari likiwa hewani, siyo?"

Nikamwambia ndiyo. Ningezikaza likiwa wapi?

Alinieleza bila kunitazama usoni. Ile mikono inazunguka kwenye bushi za mpira. Ukikaza boliti magurudumu yakining'inia, mpira unashika hali hiyo hiyo ya kuning'inia. Ukilishusha gari, mpira unapindika, na kila siku unavutana kurudi ulikofungwa. Ndiyo kelele, ndiyo ugumu. Dawa yake ni kulegeza, gari libebe uzito wake chini, ndipo ukaze.

"Nani watapanda?" akauliza.

"Mimi na Mama."

"Basi ketini humo. Nitakaza likiwa limebeba uzito wenu wenyewe."

Tulilipandisha juu ya mbao nene ili apate nafasi. Mimi nikakaa kwenye usukani, Mama kushoto, mfuko wa machenza mapajani, naye Bwana Nagumo akajisukuma chini. Tulikaa hivyo karibu saa nzima ndani ya gari lisilokwenda popote. Unajua lilivyo dogo, mabega yetu yalikuwa yamegusana. Mimi nilikuwa nikijipindapinda kutafuta pa kuweka miguu.

"Tulia," Mama akasema. "Miaka sita umebanwa na mimi, saa moja ndiyo inakushinda?"

Alimenya chenza, akanilisha kipande kimoja kimoja kama nilivyokuwa nikimlisha yeye alipovunjika mkono. Kutoka chini tulisikia spana ikilia, kisha sauti ya Bwana Nagumo: "Msicheke huko juu, gari linatikisika!" Tulikuwa hatucheki, Dada. Tulikuwa tunalia wote wawili, na ninafurahi kwamba alidhani ni kicheko.

Jumatano tulipanda Akagi. Gari halikulia hata mara moja. Tulinunua manju, ile mikate laini ya kuchoma iliyopakwa rojo tamu la miso ya soya, kabla ya kuanza mlima, na Mama akapakaza miso kwenye kiti cha gari la Baba, akasema hayupo wa kugomba. Ziwani kulikuwa na baridi kali na vibanda vimefungwa. Alitazama maji dakika tano, akasema yatosha. Wakati wa kushuka alilala kona zote hadi nyumbani. Ijumaa nilimpeleka kule kwa gari lile lile.

Sasa lango liko wazi, hakuna wa kumpokea saa kumi, na sina pa kwenda. Kila asubuhi napika uji mwingi mno. Jana nililitoa gari peke yangu nikaona upande wa kushoto umeinuka kidogo, unene wa kidole hivi, kwa kuwa umekazwa na uzito wa Mama na Mama hayumo. Bwana Nagumo ameliona. Hupita hapa na kulitazama gari, kisha ananitazama mimi. Angelinyoosha kwa nusu saa. Lakini simuulizi, naye hasemi.

Nisalimie sana shemeji Rubens, na Aline mwambie mjomba wake bado hajawa mzee hivyo. Mama ameniagiza niandike kwamba chakula cha kule kimepungukiwa chumvi. Mungu na wazee wetu waliotangulia wawalinde nyote. Na wewe, Dada, mwezi wa nne njoo. Nitakuchukua uwanja wa ndege kwa gari la Baba, na usinune nikikwambia kwamba ukikaa kushoto, litanyooka.

Akupendaye siku zote, mdogo wako,
Haruomi