Mraba Mweupe kwenye Menyu ya Tulizo

Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Kazi mpya! Mama Victorine wa baa ya Tulizo amekuja bironi kwangu. Biro, yaani meza, kompyuta, printa, na panneau moja ya umeme wa jua juu ya bati. Akaketi wima kama mtu aliyekuja kuposa. Anataka menyu ya vinywaji. Menyu ya kweli, ya kuchapishwa, yenye rangi, na plastiki juu yake ili bia isiiharibu. Hapa Kasongo mtu akiingia baa anauliza kuna nini, anajibiwa Primus, anakunywa Primus. Mambo yamekwisha.

Lakini hii si ya kujionyesha tu. Amekubaliana na Mama Latifa, yule anayetunza nyumba ya kungojea, kando ya maternite, hospitali ya uzazi. Ndiko wanakolala wanawake wenye mimba kutoka Wamaza, kutoka Salamabila, kote kwenye barabara mbaya, wiki za mwisho kabla ya kuzaa. Paa linavuja. Kuanzia Jumamosi ya tarehe 21, kila chupa itakayonywewa Tulizo itasaidia kununua bati. Menyu iseme hivyo, na iseme vizuri, hata aliyelewa aelewe.

Sikumwambia kwamba mdogo wangu Dieudonnée analala chini ya paa hilo. Anajua. Kasongo nani hajui?

Jumanne, 10 Oktoba

Siku nzima orodha. Mama Latifa ana sharti moja: yeye ni Mwislamu, hawezi kuwakataza watu bia yao, ila tangawisi ianze juu kabisa, kabla ya pombe yoyote. Sawa. Tangawisi, maji ya nanasi, Fanta, halafu Primus, Simba, na malofu, ile pombe ya michikichi, kwa wazee.

Victorine akataka niandike na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Nikamwambia, mama, lutuku haiandikwi, serikali inajua kusoma! Akafikiri kidogo. "Basi andika dawa ya kifua." Nimekataa. Nimecheka mpaka machozi, lakini nimekataa.

Bado picha. Juu ya orodha nimeacha mraba mkubwa. Picha ya nini? Chupa? Kila mtu anajua chupa.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimempelekea Dieudonnée sombe, majani ya muhogo, na samaki. Amenenepa uso, miguu imevimba, na anacheka kwa kila kitu. Hii ni mimba ya tatu. Ya kwanza iliharibika nyumbani Salamabila. Ya pili ilitoka njiani, juu ya pikipiki, mumewe Sumaili akiendesha huku analia. Kwa hiyo safari hii Sumaili amemleta mapema, akamkabidhi kwangu, akarudi kutafuta maisha. Hatukuzungumza mengi. Alisema tu, shemeji, nakuachia.

Alikuwa amekaa karibu na dirisha, mikono juu ya tumbo, na mwanga ukaingia vizuri sana. Nikatoa simu. Nikamwambia, mikono tu na tumbo, uso hautaonekana, ni kwa ajili ya menyu ya Victorine. Akapanga vidole vyake kama bibi harusi, akaniuliza mimi dada yake mkubwa:

"Yaya, hili tumbo iko muzuri kupita chupa ya Primus, ao hapana?"

Iko muzuri kupita vyote, mdogo wangu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimemaliza. Nzuri!! Jua limewaka, printa haikukwama hata mara moja. Mikono yake juu, tangawisi chini. Nimechapa zote, nimepaka plastiki zote. Sijawahi kufanya kazi nzuri namna hii na najisifu mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine hapa.

Jumapili, 15 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Mama mkubwa Régina alipita baada ya misa. Ni dada ya marehemu mama, ndiye aliyetulea sisi wawili. Menyu zilikuwa zimepangwa mezani. Akachukua moja. Nikangoja sifa. Akasogeza karatasi mbali na macho, akaileta karibu, akaweka kidole kwenye kovu la kidole gumba pichani. Kovu la kisu cha muhogo. Aliliosha yeye mwenyewe, Dieudonnée akiwa mdogo.

"Huu mukono ni wa Dieudo."

Nikasema ndiyo, mama. Akaketi.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema mimba haitangazwi. Mtoto ambaye hajafika hanunuliwi hata kofia, haitwi jina, haonyeshwi kwa watu. Wawili wameondoka wakiwa wamefichwa vizuri. "Na huyu wa tatu, wee Benita, umemubandika ku karatasi ya pombe, kila mulevi amuangalie."

Nikamwambia ni karatasi tu, mama. Nikamwambia hakuna uso. Akazikusanya zote, akazitia kikapuni, akafunika na kitambaa. Zitakaa chini ya kitanda chake mpaka mtoto alie. Na mimi, mwenye diploma yangu ukutani, nikamshikia mlango apite.

Siamini mambo haya. Nimeandika hivyo ili nijisikie nikisema: siamini. Lakini jioni nilifungua kompyuta, picha ikatokea, na nikaifunga haraka kama mtu aliyemkuta mwenzake akioga.

Ee Mungu, kama nimemharibia.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimemwambia Victorine, aliyeziona menyu Ijumaa na kuzisifu. Nilijiandaa kutukanwa. Akafuta kaunta, polepole, sehemu ile ile mara nyingi. Kumbe naye hakuwahi kununua hata nepi kabla ya watoto wake kutoka. "Ningekuuliza ni tumbo ya nani. Mie niko mama, nilipashwa kuuliza." Kila mmoja na kosa lake.

Lakini Jumamosi iko pale pale. Nichape upya. Picha gani? Nimepiga picha ya paa linalovuja: linatia huzuni, hakuna atakayeagiza kitu. Ndani ya kompyuta nimekuta mtoto mmoja tu wa kuchora, mzungu, na kofia ya bluu. Victorine akamtazama sana. "Huyu ni wa kwa nani?" Basi nikamtoa.

Mraba ukabaki mweupe. Tangawisi chini, na juu hakuna kitu. Nikasema nitapandisha maandishi, nitaujaza. Victorine akanizuia mkono. Acha hivyo, akasema. Watu wakiuliza, tutawaambia tunangoja.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mama mkubwa alikwisha kumwambia mdogo wangu. Nilifika nyumba ya kungojea na uso wangu wa msiba, Dieudonnée akanishika sikio kama nilivyokuwa nikimshika yeye. Akasema nisilie. Kwamba mkono ni wake, alikubali mwenyewe, kosa tugawane.

Nje kulikuwa na wenzake wanatwanga sombe, wanacheka. Akasema chini chini kwamba anaogopa. Kwamba kucheka kote kule ni woga. Hajamwambia Sumaili, hajamwambia Mama Latifa. Usiku anamhesabia mtoto mateke, na akikosa teke moja anaamka na kukaa.

"Yaya, kama naye anakatala kubakia?"

Nimelala pembeni yake kwenye godoro, mgongo wangu ukutani, kama tulipokuwa wadogo. Nampenda kuliko kitu chochote duniani na sijui kama nimewahi kumwambia. Leo nimemwambia. Akasema nimsogelee, nina joto.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Panneau haitoi kitu. Nimebeba printa kichwani ndani ya plastiki, mpaka kwenye jenereta ya Victorine, watu wananiuliza kama nahama. Menyu zimetoka. Rangi imefifia kidogo. Mraba mweupe ni mweupe kweli.

Sumaili amepiga simu. Yuko njiani kutoka Salamabila, matope mpaka magotini. Simu ikakatika.

Jumamosi, 21 Oktoba

Tulizo imejaa mapema, wengine wametoka moja kwa moja sokoni. Watu wanashika menyu kwa mikono miwili kama cheti cha ubatizo. Tangawisi imekwisha kabla ya bia, Victorine haamini macho yake! Na kila meza swali ni lile lile: hapa juu kuna nini? Victorine anajibu, tunangoja. Hasemi zaidi. Muuza samaki mmoja wa Nyangwe, mtu mnene mwenye sauti kubwa, alikuwa ameweka chupa yake juu ya mraba. Aliposikia, akaiondoa. Akapangusa maji kwa mkono wa shati.

Mara Mama Latifa mlangoni. Haingiagi baa. Leo ameingia. Akaniangalia tu, nikajua.

*

Naandika kwenye benchi la maternite, ili mikono iwe na kazi. Mama mkubwa yuko ndani. Alikuwa hapa tangu asubuhi, hakuniambia. Mkunga ametoa kichwa mara moja: mnaleta mtu wakati mashine ya kuangalia tumbo imekufa tangu Agosti, basi msiniulize maswali. Mlango ukafungwa.

Sumaili amefika. Matope mpaka kwenye nyusi. Hakusalimia, hakuuliza. Amesimama mbele ya mlango na kofia ya pikipiki bado kichwani. Nikaenda kumvua.

Dieudonnée anapiga kelele. Mimi nimeuma kola ya blauzi yangu.

Kimya. Kimya kirefu mno. Mungu, si hiki tena.

Analia!! Mtoto! Analia kweli, analia kwa hasira! Sumaili amekaa chini kwenye udongo, palepale, na anasema Alhamdulillah, Alhamdulillah, hawezi kusimama. Mimi nacheka, natokwa kamasi, naandika vibaya.

Mlango. Mama mkubwa. Hacheki, halii, ana uso wa mtu aliye kazini. Kitenge, anasema. Nimempa kile nilichokuja nacho mkononi. Nikauliza Dieudo je? Ameshafunga mlango.

Amerudi.

"Kitenge ingine."

Ingine, mama? Nilileta kimoja tu. Hatukununua kitu, ulikataza wewe mwenyewe.

"Minasema ingine, Benita. Fungua yako."

Nimefungua changu kiunoni, nimebaki na jipo ya ndani mbele ya shemeji yangu, hakuna anayejali. Akakinyakua. Sumaili ameinuka. Ananiangalia, namwangalia. Ndani yule mmoja bado analia, na juu ya kilio chake namsikia mkunga akisema, vizuri mama, vizuri, sasa wa pili, sukuma tena...