Nilisema Mnara Unaonekana

Jumanne. Wingu limelala juu ya Korogwe tangu alfajiri, zito kama godoro lililonyeshewa.

Wasionifahamu wajue kwanza: hapa hakuna ndege inayopaa bila mimi. Dar wana rada, Korogwe ina mimi. Shule niliacha darasa la sita kwa hiari yangu, walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha. Kule Handeni kuna rubani mgeni aligoma siku tatu kuruka mpaka niitwe. Kazini wameniandika mlinzi wa kiwanja cha ndege cha shamba la mkonge, ila karatasi haiwezi kuandika kila kitu.

Leo naandika haya kwenye simu, kwa kidole kimoja.

Kuna Daktari mmoja hapa mjini ana ndege yake ndogo, anairusha mwenyewe. Alikuwa anakwenda Dar, nikamwombea nafasi mpwa wangu Mwanaidi, muuguzi wa zahanati ya Kwedizinga, aliyekuwa na usaili mchana. Dada yangu alipokufa aliniachia huyo mmoja tu.

Wingu likiwa chini namna hii, rubani haruki kienyeji. Daktari huwapigia simu waongoza ndege, wakamwambia apite wapi, apande mpaka futi ngapi, na mwisho wa kuondoka ni saa ngapi. Anaandika kwenye karatasi pajani, anawarudishia neno kwa neno. Muda ukipita hajapaa, ruhusa imekufa, aombe upya. Aliwahi kunieleza jambo ambalo nimelirudia vijiweni kama langu: ruhusa inakutenga na ndege nyingine, haikutengi na mlima. Mlima ni juu yako.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Kule ndege inakoanzia, mikaratusi inaziba mlima. Mimi nasimama kwenye kichuguu upande wa pili, naangalia mnara wa simu ulioko juu ya mlima huo. Ukionekana, anapanda moja kwa moja huku mlima anauona ubavuni. Usipoonekana, haondoki.

Kabla ya kupanda ndege, Mwanaidi alinishika mkono. "Mjomba, ile miwani niliyokuletea iko wapi?"

"Miwani ni ya wasoma magazeti."

Daktari akacheka. Nikajiona nimeshinda.

Daktari alikuwa amepewa mwisho wa kuondoka saa mbili na dakika kumi. Saa mbili na dakika sita simu yangu ikaita. "Mzee, mnara?"

"Unaonekana mpaka kichwani."

Ndege ikapita mbele yangu, ikanyanyuka, wingu likaimeza. Ukabaki mlio tu.

Nyuma yangu alikuwepo Lembris na ng'ombe wake, maana hawavuki kiwanja mpaka nipunge mkono. Ni mtu mzima mwenye heshima zake, hapendi kumsahihisha mwenzake. Akasema taratibu, "Mzee, mimi mnara siuoni. Hata mlima wenyewe siuoni."

Nikasikiliza. Mlio ukafifia, ukafifia, ukanyamaza. Sikujua kama umekwenda mbali au umefika mlimani.

Nimesimulia mara nyingi nilivyokutana na chui nikamfokea akarudi porini. Leo nilichuchumaa pale kichuguuni na dua niliyofundishwa utotoni ikanikatikia katikati. Lembris akachuchumaa pembeni. Ng'ombe wakatapakaa kiwanja kizima, hakuna aliyewafukuza. Kila pikipiki iliyopita barabarani niliona inaniletea habari.

Saa nzima, na zaidi.

Daktari akapiga. Wametua. Akasema aliingia kwenye wingu mapema mno kuliko nilivyomwambia, akakata kushoto papo hapo kuelekea mtoni, akapanda huko kwa kufuata vipimo peke yake. Hakunifokea. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, ule mnara uliuona kweli?"

Nikamjibu wingu lilishuka ghafla. Uongo ulitoka wenyewe, umeshazoea njia. Kwa nyuma nikamsikia Mwanaidi anamwambia aniulize kama nimekunywa chai.

Basi ukweli nauweka hapa. Mnara sijauona tangu masika yaliyopita. Huwa nakadiria kwa rangi ya wingu, nikamaliza kwa sauti nene. Miwani ipo, nimeifungia sandukuni chini ya shuka. Kliniki ilibakiwa na miwani moja tu ya nguvu ya macho yangu, fremu ya rangi ya waridi, ina vimaua pembeni. Pale kijiwe cha kahawa Old Korogwe wangeniita Bi Harusi mpaka nazikwa.

Jioni wingu lilipoinuka nilirudi kichuguuni nikaivaa. Aliyeniona ni Lembris peke yake. Hakucheka.

Kesho asubuhi, kabla Daktari hajawasha ndege kumrudisha Mwanaidi, nitampigia nimwambie ukweli.

Maana kwa miwani, kule mlimani minara iko miwili. Sijui wa pili waliujenga lini.