Meno ya Nakhumicha

Kibomet, Kitale
27 Julai 2025

Kwa Mama Nakhumicha, Chwele.

Mama, nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wanaopita hapo mlangoni kukujulia hali. Natumaini goti halikusumbui sana na baridi hii, na kwamba umepata mtu wa kukukatia lile tawi la parachichi lililokuwa limelalia paa la jikoni. Sisi huku tu wazima. Mvua inakuja vizuri, mahindi yametoa mbelewele, na Nasambu amenifika begani. Viatu nilivyomnunulia mwezi wa kwanza sasa anavivaa kwa kukunja vidole.

Barua hii nimempa Wekoye, yule wa pikapu anayeleta viazi sokoni kwenu, pamoja na kifurushi nilichokifunga kwa kitambaa cha kichwa cha binti yako Nakhumicha, kile cha bluu. Naomba usikifungue kabla ya kumaliza kusoma. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Mama, tangu nioe kwako hatujawahi kupeana mkono, na hivyo ndivyo desturi yetu inavyotaka kati ya mkwe na mama mkwe. Nimekuwa nikikusalimu kwa mbali nikiangalia kando. Naona simu ingenileta karibu mno na sikio lako kwa maneno haya. Karatasi inaniruhusu.

Habari yenyewe ni ya Nasambu. Mwezi wa tano alifungwa waya za meno.

Najua umeshtuka. Aliporudi kutoka kwako Desemba alinieleza ulivyomwambia, kwamba mtu yeyote asiyaguse meno yake, kwa sababu akicheka unamwona mama yake, na kwamba hicho ndicho ulichobaki nacho. Maneno hayo sikuyasahau hata siku moja. Nilikaa nayo miezi minne. Naomba nikueleze ilivyokuwa, halafu utaamua mwenyewe.

Siku ya wazazi shuleni Nasambu alipewa shairi la kusema mbele ya watu. Wiki mbili alikuwa akilisema hapa nyumbani huku anafagia, hata mimi nikalishika. Siku yenyewe alisimama, akafungua mdomo, na mkono ukapanda ukafunika midomo. Alisema shairi lote hivyo, ndani ya kiganja. Waliokaa nyuma hawakusikia kitu. Mwalimu wake, Bi. Chesang, alimwashiria ashushe mkono, naye akashindwa, akakimbia kukaa. Tukirudi nyumbani nilimuuliza, na tulipofika kwenye daraja akasema wasichana darasani wanamwita Sungura, na mmoja humletea karoti.

Lakini si karoti iliyoninyima usingizi, Mama. Ni ule mkono. Kidole cha mwisho kilikuwa kimesimama peke yake, kama cha Nakhumicha. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili nikiona mkono wa marehemu mke wangu juu ya uso wa mtoto wangu.

Nikampeleka kwa daktari wa meno hapa mjini. Gharama nilijipanga, usiwe na wasiwasi. Daktari ni kijana mpole. Alieleza kwamba waya inavuta pole pole, inakazwa kidogo kila mwezi, na ukiharakisha unaharibu mzizi. Nikamwambia hilo nalijua. Miaka ishirini nafunga seng'enge kwenye mashamba, na ukiivuta yote kwa siku moja nguzo zinalala. Akacheka, akaniita fundi mwenzake, akaniruhusu nisimame karibu nione. Waya ni nyembamba kuliko uzi wa kushonea gunia, na koleo lake linaingia kwenye kiganja cha mtoto. Nimefunga mashamba makubwa, lakini sijawahi kuona kazi safi kama ile.

Siku za kwanza alikula uji na ndizi za kupondwa, na sukuma niliikata ndogo mpaka ikawa kama majani ya chai. Alilia usiku mmoja tu. Jirani yetu Wacera, mama wa mboga, alipomwona mara ya kwanza alipaza sauti barabara nzima ikasikia, ati Baba Nasambu, umemaliza kufunga mashamba yote ya Trans-Nzoia, sasa umeanza na midomo ya watoto? Watu wakacheka. Mimi nikaangalia chini. Nasambu akamjibu pale pale, kwa adabu lakini bila kusita, kwamba seng'enge haifungwi mahali pasipo na mali. Wacera alicheka mpaka akamwongezea nyanya mbili.

Tangu siku hiyo mimi nimekuwa mtu wa kuchosha. Picha yake iko kwenye simu yangu na kila mtu lazima aione. Mzee Gichuki, ambaye namfungia shamba huko eneo la Kwanza, aliniuliza juzi nguzo zimebaki ngapi, nikamwonyesha picha. Akaniambia, kijana, nimekuuliza nguzo unanipa meno. Lakini aliitazama muda mrefu, na akasema mtoto ana macho ya mtu anayejua anakokwenda.

Nilimuuliza Nasambu, kabla ya waya, kama haoni tunayatupa meno ya mama yake. Nilimwambia kweli kwamba kwangu mimi hayana kosa, na kwamba akikataa hakuna mtu atakayemlazimisha. Akafikiri, kisha akasema hatutupi kitu, ni meno yale yale ya Mama, yanapangwa tu mstari. Anataka kusema shairi, basi. Mtoto wa miaka kumi na minne.

Sasa Mama, nimefika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Siku tulipomzika Nakhumicha kule Sirisia ulisimama ukaongea. Ulisema binti uliyetukabidhi alikuwa akicheka kichwa kikiwa nyuma, mpaka ng'ambo ya mto wanajua Nakhumicha amechekeshwa. Ukasema baada ya kuolewa kicheko kile hukukisikia tena, na kwamba hukujua ni nani aliyekichukua. Wengine walidhani unasema kifo. Wengine walidhani ni shida za nyumba, au baridi ya Kitale. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jeneza na nilijua jibu, nikanyamaza.

Ni mimi niliyekichukua.

Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza, kwenye harusi ya binamu yangu Makokha, huko huko Sirisia. Tulikaa vijana meza moja, kila mtu akitaka kuonekana mcheshi. Makokha alisema jambo, Nakhumicha akacheka kwa ile namna yake, na mimi, ili na mimi nichekeshe watu, nikasema mke wangu akicheka meno yanatoka mbio kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Meza nzima ililipuka. Yeye pia alicheka. Lakini alicheka mkono ukiwa mdomoni, kidole cha mwisho kimesimama, na mkono huo haukushuka tena miaka kumi na minne.

Hakuwahi kunilaumu. Hilo ndilo linalonila. Mwanzoni nilidhani atasahau. Baadaye nilimwambia mara mbili au tatu kwamba ulikuwa mchezo, naye alinijibu kwamba anajua, huku mkono ukiwa pale pale. Alipofariki tulitafuta picha ya kuweka kwenye karatasi ya mazishi. Mwenye duka la kuchapa aliomba moja anayotabasamu. Tulifungua bahasha zote za picha. Harusi za ndugu, ubatizo wa Nasambu, Krismasi zote, hakuna hata moja. Ndiyo maana tulitumia ile ya kitambulisho, na wewe ukauliza kwa nini binti yako anaonekana kama amekasirika.

Kwa hiyo nilipouona mkono wa Nasambu siku ile shuleni nilielewa kwamba mtoto hakuurithi kwa damu. Alijifunza kwa kumtazama mama yake, na mama yake alijifunza kwangu. Meno ni ya kwenu, Mama, na ni mazuri. Mkono ndio wangu. Nilitaka niushushe kabla haujakaa miaka kumi na minne mingine.

Sasa fungua kifurushi.

Usiogope. Kabla ya kufunga waya daktari alimng'atisha Nasambu kitu laini kama ugali ambao haujaiva, kikashika umbo la meno yake, kisha wakamimina plasta ndani, ikaganda kama jiwe. Hayo ndiyo meno yake yalivyokuwa siku ile, hakuna lililosogezwa. Yale mawili ya mbele yaliyopandana utayajua hata ukifumba macho. Daktari alitaka kuyatupa baada ya kuyapiga picha, nikamwomba. Yamekaa kwenye kabati langu miezi miwili na kila asubuhi nimeyatazama. Lakini haki ya kuyaona nilikuwa nayo nikaichezea. Ni yako.

Nasambu anakuja Jumamosi, shule zikiwa zimefungwa. Hajui niliyoandika hapa. Nitamweleza mwenyewe akirudi, kwa sababu anastahili kujua mkono ule ulitoka wapi. Naomba usimpe muwa wala mahindi ya kuchoma, hata akikulilia, maana waya zitang'oka, naye ni mjanja. Njugu mpe zile za kuchemsha. Amejifunza tena lile shairi na anasema wewe ndiwe utakayesomewa kwanza.

Wasalimie majirani, na dada zake Nakhumicha wakija. Kama baada ya barua hii utaona ni vizuri nisikanyage hapo kwa muda, nitaelewa, mtoto nitamleta mpaka sokoni tu.

Mchekeshe, Mama. Wewe ulijua namna ya kumchekesha mama yake. Akicheka usitazame meno, tazama mikono. Ikibaki mapajani, naomba unikumbuke.

Mkweo,
Khisa