Baba na Neno "Au"

Kwako dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Sisi tupo, tunasukuma siku. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Baba bado yuko kwenye mashine ya kupumulia, mrija umemziba mdomo. Kinachosema ni mkono wa kulia: akibana mara moja ni ndiyo, mara mbili siyo. Shangazi alimwuliza kama anasikia joto au baridi. Akabana mara moja. Shangazi akang'aka, ndiyo nini sasa, mwalimu mzima hujui kujibu? Nilicheka mpaka nesi akanitoa nje. Unakumbuka ukimwuliza anataka chai au maziwa, anajibu ndiyo, kisha anaendelea kusahihisha madaftari. Kwake "au" ni kweli mradi upande mmoja uwe kweli.

Mimi fundi kompyuta wa kujifunzia uchochoroni, shule yangu ilikuwa yeye. Alisema kompyuta haikuanzia kiwandani bali kwenye ubishi wa wanahesabu. Mmoja aliifanya kweli kuwa moja na uongo sifuri, hoja zikawa za kukokotolewa. Baadaye mwingine akabuni mashine ya kichwani tu, athibitishe kwamba haiwezi kila kitu: haiwezi kujua mapema, kwa kila kazi, kama itafika mwisho au itazunguka milele. Katika kuonyesha itakaposhindwa, akawa ameichora kompyuta yenyewe. Waliofuata walitia swichi na umeme.

Nimefungua mashine nyingi, dada. Hii inayompumulia baba siwezi hata kuigusa. Daktari hana la kuahidi. Wiki iliyopita alitaka tumwulize mwenyewe: iendelee au izimwe? Nikauliza hivyo hivyo. Akabana mara moja. Nikamweleza daktari kwamba kwa baba hilo si jibu, ni tabia. Akasema basi niulize moja moja, mara akaitwa wodi nyingine.

Nikauliza. Iendelee? Akabana mara mbili. Nikajitia sikuelewa, nikarudia. Mara mbili tena, taratibu, kama alivyokuwa akimgongea chaki mwanafunzi mzito.

Daktari aliporudi nilisema baba kasinzia. Shangazi hajui. Tangu hapo kila asubuhi namshika mkono ule na kumwuliza joto au baridi, naye anabana mara moja, ananingoja niulize swali lenyewe.

Njoo, wewe ndiye mkubwa.

Nisalimie shemeji na watoto. Baba anakusalimu, hilo nilimwuliza peke yake, bila "au", akabana mara moja.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba