Dumu la Namegabe

Gitega, Machi 1997

Mdogo wangu Radjabu,

Asali ya mama imefika. Miguu yangu yote miwili iko kwenye plasta, na polisi anasinzia mlangoni.

Kila asubuhi mpelelezi huniuliza, "We Amissi, esansi, mafuta ya ndege, ilienda wapi?" Najibu kwamba nilikuwa abiria tu. Nikisema kwamba rubani Namegabe alikutolea dumu moja kutoka kwenye ndege, ili gari limfikishe mkeo hospitali ya Muyinga kujifungua, watakukamata kwa magendo, maana tangu nchi iwekewe vikwazo mafuta ni ya kibali tu. Nisiposema, yeye ndiye mwizi wa mafuta. Yaliyobaki aliyapima kwa kijiti kama kawaida yake, ila ndege ilikuwa imesimama kwenye mteremko, kijiti kikaonyesha mengi kuliko yaliyokuwamo. Injini ikazimika juu ya Mutoyi, tukaangukia shamba la mtama.

Namegabe yuko kitanda cha pili, mkono mmoja umefungwa pingu. Hajakutaja. Jana aliniuliza tu:

"Mtoto ni wa kiume ama wa kike?"

"Wa kike."

"Ameliepuka jina langu, basi," akasema, akacheka mpaka akashika mbavu.

Ijumaa wanampeleka gerezani. Mimi siwezi kusimama, Radjabu. Wewe unaweza kusimama mbele ya mpelelezi.

Mbusu mtoto.

Kaka yako,
Amissi