Pua Yangu na Gari la Shangazi

Jumatatu, 2 Februari
Tena chini ya dashibodi, shingo imekaza. Gari la shangazi Habiba. Viti vya nyuma aling'oa zamani ili madumu ya maziwa ya ngamia yapate nafasi. Aliyemuuzia alifunga turbo ya kuisukumia injini hewa, kompyuta ya gari haina habari. Nimeunga kidhibiti cha mafuta kati ya kompyuta na injini, laptopu mapajani. Kazi tamu. Kipimo changu cha mafuta na hewa kimekufa. Nitatumia pua: moshi ukinuka, mafuta yamezidi.

Jumanne, 3 Februari
Majaribio, barabara ya Balambala. Madumu matupu nyuma, niliona uvivu kuyashusha. Vioo juu kwa sababu ya vumbi. Harufu ya moshi. Mafuta yamezidi. Nikasimama, nikapunguza. Bado moshi. Nikapunguza tena. Gari jepesi, linaruka. Nimejisifu kwa shangazi bila haya. Kesho anafuata maziwa. Wanawake wa kule wanaomuuzia wamemwonya: akikosa tena, watampa mchuuzi mwingine.

Jumatano, 4 Februari
Amepiga simu saa nane mchana. Mchanga, mzigo, jua kali, injini inagonga. Ameizima palepale. Angelazimisha, pistoni zingetoboka. Kakaa juani na maziwa yakiharibika, akiliokoa gari. Yameharibika yote. Gari limevutwa na lori la mbuzi. Nimefanya mimi. Sikuweza kula.

Alhamisi, 5 Februari
Nimefungua plagi. Nyeupe kama chaki. Injini ilikuwa na njaa ya mafuta! Sasa ule moshi ulitoka wapi? Nikamweleza shangazi, bado naitetea pua yangu. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Wallahi Abdi, hiyo moshi ni ya dumu! Sisi nafukiza dumu, wewe nalaumu gari."

Kweli. Alikuwa ameyafukiza kwa vijiti asubuhi ile ile ya Jumanne, maziwa yasiharibike upesi. Nimelelewa kwa maziwa hayo. Mjinga mimi.

Pistoni ni salama, alhamdulillahi. Namshukuru Mungu kwa sikio la shangazi.

Ijumaa, 6 Februari
Baada ya sala nimeazima kipimo kwa fundi jirani. Nimerudisha mafuta, nikaongeza kidogo pale turbo inapopuliza. Safari hii na madumu yaliyojaa maji, mchangani, jua likiwaka. Haigongi.

Jumamosi, 7 Februari
Nimekwenda naye Balambala. Niliogopa. Nikawaambia wale wanawake kosa ni langu, si la Habiba, nikaeleza na habari ya moshi. Kisha mmoja akacheka, wakacheka wote. Wameniita Pua. Wamejaza madumu yote. Tumerudi nyumbani Garissa maziwa yakiwa mazima. Njiani shangazi alilala, na yeye kwa kawaida halali ndani ya gari. Nilitaka kulia kwa shukrani.

Jumapili, 8 Februari
Sina kazi leo. Nimekuta kibuyu cha maziwa mlangoni, kimefunikwa kitambaa cha shangazi.
Nikanusa kwanza. Moshi.
Nimekunywa yote.